Mzee kaandikiwa "fistula ya mgongo": kwanini MRI peke yake haitoshi

Swali:

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 62, tupo Masasi, ni mkulima wa korosho. Mwaka jana mwezi wa sita wakati wa kupulizia salfa alianza kusema miguu inakuwa mizito. Akitoka nyumbani kwenda shamba lazima akae njiani mara mbili, akipumzika kidogo inarudi. Baadae ikaja ganzi kwenye nyayo, anasema anakanyaga kama juu ya godoro. Tumezunguka sana, tukaambiwa pingili zimesagika, akapewa vidonge vya mishipa na sindano za kupunguza uvimbe. Baada ya sindano ya tatu kesho yake alishindwa kabisa kusimama, siku ya nne ndo akaanza tena kutembea kwa fimbo. Sasa hivi mkojo unamsumbua, anakaa chooni muda mrefu. Juzi kapigwa MRI Dar, ripoti inasema wanahisi ni fistula ya mishipa kwenye uti wa mgongo, afanyiwe anjiografia. Hapa nyumbani kila mtu ana lake, shangazi anauliza fistula si ya wanawake waliozaa kwa shida, mjomba anasema ni ngiri, jirani anasema konzo. Naomba unisaidie: fistula gani hii? Kama MRI imeshaona kwanini tena kipimo kingine, CT-scan haitoshi? Tumesikia wanaingiza waya kupitia kwenye paja, hatapooza? Na tunaweza kusubiri minada ya korosho ianze tupate hela?"

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole sana na mzee. Nimesoma ujumbe wako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, manake umeeleza vizuri kuliko karatasi nyingi za rufaa ninazoletewa. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndo haliwezi kungoja: hapana, msisubiri minada. Mzee ambaye bado anatembea na fimbo na mzee ambaye ameshalala kitandani miezi mitatu sio mgonjwa mmoja tena, hata kama ugonjwa ni ule ule na mtaalamu ni yule yule. Hayo mengine tutayachambua taratibu.

Shangazi yako hajakosea, neno ndo linachanganya. Fistula kwa daktari ni njia isiyotakiwa kuwepo, inayounganisha vitu viwili ambavyo Mungu aliviweka mbalimbali. Kwa mama aliyekaa na uchungu siku mbili inaweza kutokea kati ya kibofu na uke, hiyo ndo inayotangazwa redioni na kila mtu anaijua. Kwa baba yako wanasema imetokea kati ya ateri na vena, yaani mshipa unaoleta damu kutoka kwenye moyo na mshipa unaorudisha damu, na imetokea kwenye ule utando mgumu unaofunika kamba ya fahamu, yaani uti wa mgongo wenyewe, ndani ya pingili, madaktari wanauita dura. Haihusiani na uzazi wala na sehemu za siri, na isitoshe ugonjwa huu unapenda wanaume: kwenye wagonjwa 10, kama 8 ni wanaume, na wengi wako kwenye miaka ya 50 na 60. Baba yako kwa umri na jinsia yuko katikati kabisa ya kundi lenyewe.

Mjomba naye namwelewa. Kwetu kusini neno mshipa lina kazi nyingi mno, mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, mshipa ni ngiri, na mshipa ni busha. Sasa mzee akisema mgongo unauma, miguu haina nguvu, mkojo unakawia na mambo ya chumbani yamepungua, mtu wa kwetu yeyote atakwambia hiyo ngiri, na unga wa kutia kwenye uji upo sokoni. Nimewaona wazee waliokunywa unga huo mwaka mzima na wakati huo kamba ya fahamu inaendelea kuzama. Ngiri ya kweli ni utumbo kutokeza kwenye kinena, inaonekana kwa macho na inashikika kwa mkono, haitii ganzi kwenye nyayo.

Jirani wa konzo huyo simcheki hata kidogo. Konzo imewahi kutokea Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa watu waliokula mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri kipindi cha njaa, kwa hiyo kumbukumbu yake ipo. Lakini konzo inakuja ghafla, mtu analala mzima anaamka miguu imekakamaa au inakakamaa ndani ya siku chache tu, alafu inabaki hapo hapo haiendelei kupanda, inashika zaidi watoto na kina mama, haiharibu mkojo, na mguu unakuwa mgumu sio wa ganzi. Baba yako ni kinyume karibu kwa kila kitu: imekuja polepole, inapanda, ina ganzi, na imefika kwenye mkojo. Ungeniuliza mimi magonjwa ya huku kwetu yanayofanana nayo zaidi, ningetaja kichocho kilichoingia kwenye uti na kifua kikuu cha pingili, hivyo viwili ndo daktari wake anatakiwa awe amevipekua kabla hajasonga mbele. Kifua kikuu kwa kawaida MRI ingeonyesha pingili zilizoliwa au usaha pembeni yake. Kichocho kinapimwa kwenye mkojo, choo na damu, na huwapata zaidi vijana waliocheza kwenye madimbwi kuliko mzee wa miaka 62, ila kupima sio kazi kubwa. Ukimwi na upungufu wa vitamini B12 pia vipimwe, basi.

Sasa hiyo fistula inafanya nini. Fikiria bafu la uani, lina bomba linaloleta maji na lina mtaro wa kutolea maji machafu. Bomba lina presha, mtaro hauna, maji yanashuka yenyewe taratibu. Siku moja fundi kachanganyikiwa kaunganisha bomba moja kwa moja kwenye mtaro. Hakuna kilichopasuka, hakuna kelele, ila presha ya bomba imeingia kwenye mtaro, kwa hiyo maji ya kuogea hayana pa kwenda, yanarudi ndani ya bafu, sakafu inajaa, na ukuta wa udongo unaanza kunyonya maji kuanzia chini. Unaweza ukakaa miezi unalaumu ukuta. Kamba ya fahamu ya mzee ndo huo ukuta: damu ya kuingia inataka kuingia kama kawaida, lakini vena za kutolea zimeshajazwa damu ya ateri yenye nguvu, foleni inarudi nyuma, kamba inavimba kwa maji na hewa safi haifiki vizuri. Haifi siku moja. Inakosa hewa kidogo kidogo.

Ukishalishika hilo, karibu kila kitu ulichoandika kinajieleza chenyewe. Kwanini anakaa njiani akienda shamba? Akitembea presha ya damu inapanda, na kwa kuwa ateri sasa imeshikana na vena, presha ya kwenye vena za uti nayo inapanda, miguu inazima, akikaa inashuka, miguu inarudi. Kwanini imeanzia miguuni? Vena hizi hazina vizuizi vya kuzuia damu isirudi, kwa hiyo mtu akiwa amesimama mzigo wote unaelemea ncha ya chini ya kamba, na ncha hiyo ndo inayoendesha miguu, mkojo, choo na nguvu za kiume. Na hapa kuna jambo linalowapoteza hata wataalamu: tundu lenyewe linaweza kuwa juu kwenye mbavu, au chini kabisa kwenye mfupa wa nyonga, na bado dalili zikawa zile zile za miguu. Mahali panapolowa sio mahali penye fundi mbovu.

Hii ndo sababu pia wazee wengi wanaishia kuambiwa pingili zimesagika. Mtu wa miaka 60 aliyelima maisha yake yote ukimpiga picha ya kiuno LAZIMA utakuta pingili zimesagika, hata mimi zangu sitaki kuziona. Nakumbuka mzee mmoja alipigwa MRI ya kiuno mara mbili kwenye hospitali mbili, sitazitaja, zote zikasoma diski, mpaka kijana mmoja aliyekuwa bado anasoma akauliza hiki cheupe kwenye kona ya juu ya picha ni nini, kumbe ncha ya kamba ya fahamu ilikuwa imelowa na picha ilikuwa imeishia pale pale. Wakampiga ya kifua. Kwenye wagonjwa wa aina hii kuchelewa mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya kujulikana ni jambo la kawaida duniani kote, msijilaumu sana kwa kuzunguka. Ugonjwa wenyewe ni adimu, takwimu za wenzetu zinasema watu 5 mpaka 10 kwa kila milioni kwa mwaka. Mtwara na Lindi kwa sensa ya 2022 tuko kama milioni 2.8 kwa pamoja, kwa hiyo hata tukichukua hesabu hiyo kama ilivyo, pamoja na kwamba sisi tuna wazee wachache kuliko wao, haifiki hata watu 30 kwa mwaka kwa mikoa yote miwili. Daktari anaweza akafanya kazi wilayani miaka 20 asimtambue hata mmoja.

Kuhusu ile sindano ya tatu. Umeandika kama jambo la kupita, mimi ndo nililopigia mstari. Dawa za jamii ya steroidi, kama deksamethasoni, kwa wagonjwa wa fistula hii zimeandikwa mara nyingi kwamba zinaweza kumzidisha mtu ndani ya saa au siku chache, wengine wanapooza kabisa kwa muda. Aliyemchoma hakufanya uhuni, alidhani anatibu uvimbe wa kawaida na kwa magonjwa mengine ya uti dawa hiyo hiyo ni msaada. Lakini kuanzia leo mtu yeyote akitaka kumchoma tena mwambieni historia hii kwanza, na iandikeni juu ya daftari lake kwa herufi kubwa. Kwangu mimi tukio hilo linaongeza uzito wa ile ripoti ya MRI.

Tuje kwenye MRI. Nikikaa mbele ya skrini na mgonjwa kama baba yako naangalia vitu viwili. Picha ya ubavuni, kamba ya fahamu inaonekana kama mkanda wa kijivu unaoshuka katikati ya maji meupe. Ikiwa imelowa, katikati ya mkanda kunakuwa na mstari mweupe mrefu, unaopita pingili tano, sita, saba, ukishuka mpaka ncha. Hicho cha kwanza, ila chenyewe hakitoshi, magonjwa mengi yanaweza kuuchora mstari huo. Cha pili ndo kinanifanya nisogeze kiti: mgongoni mwa kamba, ndani ya yale maji meupe, kuna vidoti na vijimstari vyeusi vimejipinda pinda kama ukili uliokunjuka kwenye mkeka. Hizo ni vena zilizovimba, damu inapita ndani yake mbio kiasi kwamba mashine haiwahi kuipiga picha, inaacha weusi. Vyote viwili vikiwepo, mzee wa miaka 62, miguu na mkojo, nakuwa nimeshashawishika. Nikipata na picha za baada ya dawa ya kontrasti, ile inayochomwa ili mishipa ionekane vizuri, nakuwa na uhakika zaidi. Tahadhari moja, maji ya uti nayo yanacheza kila moyo ukipiga na yanaweza kuchora weusi wa uongo, ndo maana ripoti yake imesema "wanahisi" haijasema "ni", na mimi namheshimu msomaji aliyeandika hivyo.

Kwa hiyo MRI imewaambia maji yanarudi bafuni. Haijawaambia fundi aliunganisha wapi. Na kwenye ugonjwa huu tundu ni dogo ajabu, kijishipa chembamba kinachopita kwenye mlango wa pingili pamoja na mzizi wa fahamu, mara nyingi kati ya pingili ya 6 ya kifua na ya 2 ya kiuno, kulia au kushoto, lakini linaweza kuwa popote kuanzia chini ya fuvu mpaka kwenye mkia. Wazungu wenyewe hili liliwasumbua miaka 50. Mwaka 1926 madaktari wawili Wafaransa, Foix na Alajouanine, walieleza watu ambao uti wao ulikufa taratibu huku umezungukwa na mishipa iliyovimba, na kwa muda mrefu ikadhaniwa mishipa hiyo ndo ugonjwa, kwa hiyo wapasuaji wakawa wanafungua mgongo mrefu na kuichuna yote. Yaani walikuwa wanang'oa mtaro! Mwaka 1977 ndo Kendall na Logue kule Uingereza wakaonyesha kwamba tundu liko kwenye dura, kwamba vena zilizovimba ni wahanga tu, na ukikata ile sehemu moja inayoingiza damu zilizobaki zinanywea zenyewe. Toka hapo kazi yote ikawa kutafuta mahali pamoja, sahihi.

CT-scan ya kawaida haitasaidia, inaona mfupa vizuri ila kamba ya fahamu inaiona kama ukungu. Ipo CT ya mishipa na ipo MRI ya mishipa, zote zinatumia dawa ya kontrasti, na hizo ni nzuri kwa kukisia, zinaweza kusema "angalia kushoto karibu na pingili ya 8", na hiyo inapunguza sana kazi ya anjio, yaani ile anjiografia ya waya kupitia paja, kwa sababu mtaalamu anaanzia hapo badala ya kupekua mgongo mzima. Kama mlipopigwa MRI kuna uwezekano wa kuongeza ya mishipa ulizeni. Ila hakuna mpasuaji makini atakayefungua mgongo kwa kukisia.

Sasa huo "waya". Mzee atalazwa chali kwenye meza, atachomwa ganzi kwenye kinena, kule kule ambako mapigo yanasikika, au wengine wanapendelea nusu kaputi alale kabisa kwa sababu kipimo ni kirefu, saa mbili tatu sio ajabu. Kupitia ateri ya paja unaingia mpira mwembamba usiofika milimita 2, unapanda ndani ya mshipa mkubwa wa damu mbele ya mgongo. Sikiliza hapa mwanangu maana ndo wasiwasi wenu ulipo: mpira haugusi uti wa mgongo, hauingii kwenye pingili, uko ndani ya bomba la damu mwanzo mwisho. Kutoka kwenye bomba hilo kubwa vinachipuka vijibomba pande zote mbili, viwili viwili kwa kila pingili, kama ngazi. Mtaalamu anaingiza ncha kwenye kimoja, anasukuma dawa kidogo, anamwambia mzee asipumue, mashine inapiga picha mfululizo. Kompyuta inachukua picha ya kabla ya dawa na kuitoa kwenye ya baada ya dawa, mifupa inafutika, unabaki na mishipa peke yake, myeusi kwenye meupe. Mzee akikohoa au utumbo ukitembea picha inavurugika, mnarudia. Alafu kijibomba kinachofuata. Alafu kinachofuata. Kama haijulikani pa kuanzia vinaweza kufika 30 na zaidi, pamoja na vya shingo na vya nyonga.

Inachosha, sikufichi. Ila kuna ile picha moja. Umepiga kumi na kitu hakuna kitu, umeingia labda ubavu wa 7 kushoto, dawa inakwenda vizuri kwenye ubavu, alafu kwenye mlango wa pingili kinatokea kifundo kidogo kama punje ya mtama, na kabla hujapumua kimstari kinachomoka hapo kinapanda katikati ya mgongo kinajikunja kunja kwenda juu na chini, mapema mno, wakati ambao damu ya vena haikutakiwa kuonekana kabisa. Chumba kizima kinanyamaza. Hapo umepata mahali, na unahesabu mbavu mara mbili, mara tatu, kwa sababu kukosea pingili moja ni kumpasua mtu bure.

Kingine anachotafuta ni ateri inayolisha kamba ya fahamu yenyewe, ile kubwa inaitwa ya Adamkiewicz, mara nyingi iko kushoto kwenye mbavu za chini au mwanzo wa kiuno, inapinda kama pini ya nywele. Ikiwa inachipuka kwenye shina moja na fistula, njia ya kuziba tundu kwa gundi, tiba nitakayoieleza mbele, inafutwa, manake gundi ikipotea kidogo inaziba chakula cha uti. MRI ya kawaida haiwezi kukuambia hilo. Hii nadhani ni sababu tosha ya kipimo cha pili.

Hatari zipo. Nyingi ni za pale kwenye kinena, damu kuvilia, maumivu, uvimbe unaopona. Dawa inaweza kuelemea figo au kuleta mzio. Kuziba mshipa wa uti na kumletea kupooza inawezekana ila ni nadra sana mikononi mwa mtu aliyezoea, na ukiweka kwenye mizani, kumwacha mzee hivi alivyo kupooza sio nadra, ndo mwisho wa kawaida wa ugonjwa huu usipotibiwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtaalamu sio "atapooza?" ni "umeshafanya za mgongo ngapi?", na ulizeni bila aibu, anayejua kazi hakasiriki.

Kabla ya siku hiyo apimwe kriatinini ya figo. Kama ana kisukari anatumia metformini aseme, anaweza kuambiwa aisimamishe kidogo. Dawa za kuyeyusha damu aseme pia, na za mitishamba zote, hata ule unga wa mjomba. Mzio wa dawa ya kontrasti aliyowahi kuchomwa ni muhimu. Mzio wa pweza au kamba hapana, huo hauhusiani, najua watu wa pwani wanaambiwa ukidhurika na vya baharini huwezi kuchomwa dawa hii, ni maneno tu ya zamani yamekwama vichwani hata kwa baadhi yetu. Baada ya kipimo atalala mguu umenyooka saa kadhaa, anywe maji, na mtu akae naye aangalie kinena kama kinavimba na mguu kama unapoa.

Ikitokea anjio haikuona kitu msishangilie haraka. Wakati mwingine kuna kijibomba hakikuingilika, au picha zilivurugika. Kama MRI ina yale mawili niliyosema, mtaalamu mzuri atasema turudie, sio mrudi nyumbani.

Wakipata, njia ni mbili. Upasuaji, wanafungua dirisha dogo kwenye pingili husika wanakata ile vena inayoingia, na unafanikiwa kuifunga kwa wagonjwa zaidi ya 95 kwenye 100. Au gundi kupitia mpira ule ule, mgonjwa hapasuliwi na wakati mwingine inafanyika siku hiyo hiyo ya anjio, ila inafanikiwa kwa wachache zaidi na tundu linaweza kufunguka tena. Mimi kwa mtu anayeishi kilomita zaidi ya 500 kutoka Dar, ambaye kurudi kwa ajili ya picha za kufuatilia ni nauli na siku mbili barabarani, naegemea upasuaji kama uti umeshalowa na yuko imara kwa nusu kaputi. Mwenzangu anaweza akaegemea gundi na asiwe amekosea. Kuhusu kupona msitegemee muujiza: wengi miguu inapata nafuu, baadhi sana, mkojo na nguvu za kiume vinarudi kwa shida na kwa wengine havirudi, ndo maana nilianza na ile habari ya minada. Mkojo wa mzee ndo kwanza umeanza kusumbua.

Hela najua ni tatizo la kweli, siwezi kukaa hapa nikasema tafuteni tu. Fanyeni hivi: wiki hii, sio mwezi ujao, mrudi na ripoti kwa daktari aliyemwandikia MRI au kwenye hospitali ya rufaa ya kanda pale Mitengo, Mtwara, muombe rufaa ya MOI (ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili) au Muhimbili yenyewe, wako wataalamu wa upasuaji wa mishipa ya fahamu na wa radiolojia, na hapo hapo ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu malipo na kama ana bima ulizeni kibali kinachukua siku ngapi. Foleni ya kipimo inaweza kuwa ndefu, mkiingia leo labda ndo mnakutana na minada huko mbele. Mkisubiri minada ndo muingie kwenye foleni, mmepoteza mara mbili.

Lakini akishindwa kabisa kutoa mkojo na tumbo la chini limejaa, au miguu ikizima ghafla na isirudi, au ganzi ikipanda kufika makalioni na sehemu za siri, au mgongo ukimpiga kama kisu kwa mara ya kwanza, hapo hakuna foleni, apelekwe hospitali ya karibu usiku huo huo, Ndanda, Ligula, popote palipo karibu, awekwe mpira wa mkojo na apigiwe simu mtaalamu akiwa kitandani. Na wakati mnasubiri mwangalieni matako na visigino kila jioni kwa tochi, mtu mwenye ganzi anapata kidonda bila kujua. Asikae juu ya jiwe la shamba wala karibu na jiko la mkaa. Fimbo aitumie, na asilazimishwe kutembea eti "azoeshe miguu", ameshaeleza mwenyewe kwamba akitembea inazima.

Mwisho, ile CD ya MRI. Watu wanapanda basi na karatasi ya ripoti tu, CD wameiacha kabatini, alafu mtaalamu anataka kuona picha sio maneno, mzee anaambiwa apige upya. Ibebeni CD na karatasi zote pamoja na ile MRI ya kiuno ya mwanzo kama ipo, ziwe kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi la chini ya basi pamoja na ndoo za korosho za kuwapelekea ndugu.